Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maaskofu wa Zanzibar na Madaftari ya Parokia

Waheshimiwa mapadre, walezi wa chama, ndugu wanachama: Tumsifu Yesu Kristo.

Mahesabu atayasoma mhazini, nami sitayagusa. Yaliyotushughulisha mwaka huu ni mambo mawili: orodha ya maaskofu wa Dayosisi ya Kianglikana ya Zanzibar, na hali ya madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi yaliyomo parokiani. Mkutano uliopita uliyapitisha kama kazi mbili. Tulipoingia ndani tuliona ni kazi moja, kwa sababu asiyejua mipaka ya dayosisi katika mwaka fulani hatajua aanzie wapi kulitafuta daftari la mwaka huo.

Nianze na orodha. Nakala zinazozunguka hazikubaliani hata juu ya askofu wa kwanza, na kila moja ina hoja yake. Charles Mackenzie aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861 kuiongoza UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, lakini kazi yake ilikuwa Magomero, nyanda za Shire (Malawi ya leo), na homa ilimwua Januari 1862. William Tozer ndiye aliyeihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Edward Steere akamfuata. Hao watatu walikuwa maaskofu wa Afrika ya Kati. Jina la Dayosisi ya Zanzibar lilianza 1892, Nyasa ilipotengwa, wakati wa Charles Smythies. Kwa hiyo Frank Weston, askofu aliyefariki 1924, ni askofu wa saba, wa sita au wa nne, kutegemea unaanza kuhesabu na nani.

Kamati imeamua orodha ianze na Mackenzie na isiwe na namba. Kila jina litakuwa na cheo kama kilivyoandikwa enzi zake, mwaka wa kuwekwa wakfu, mwaka wa kuondoka, na sababu ya kuondoka: kifo, kujiuzulu au kuhamishwa. Wapenda namba wamenung'unika, na nadhani wataendelea.

Safu hiyo ya sababu ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Tozer alijiuzulu 1873 kwa afya mbaya, na Steere hakuwekwa wakfu hadi Agosti 1874. Katikati hapakuwa na askofu. Sasa, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni uliomlazimu Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa lililokuwa pale. Maelezo yoyote yanayosema ujenzi ulianza "chini ya Askofu Steere" yana kasoro: wakati huo alikuwa padre. Na kiwanja hakikutoka mkononi mwa askofu yeyote. Sehemu ilinunuliwa na Padre Arthur West, na nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Wanachama wetu wanaoongoza wageni warekebishe hapo. Zile nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini waendelee kuzionyesha, ni kweli ziko hivyo.

Jambo jingine linalowapoteza wasomaji ni saini. Askofu wa Kianglikana husaini jina lake la ubatizo pamoja na jina la dayosisi, si jina la ukoo. Weston alisaini "Frank Zanzibar". Anayepekua hati akitafuta "Weston" pale chini atazipita zote. Kwa John Hine kanuni hii ina faida zaidi, maana alikuwa askofu wa Likoma, akahamia Zanzibar 1901 hadi 1908, kisha akaenda Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Hata hati ikikosa tarehe, neno la pili la saini litakuambia ni ya dayosisi ipi.

Baada ya Weston kufariki Magila, Novemba 1924, walifuata Thomas Birley (1925–1943) na William Baker (1943–1968), kisha Yohana Jumaa, na kuanzia 1980 John Ramadhani. Katika miaka hiyohiyo dayosisi ilikuwa ikimegwa. Masasi ilijitenga 1926, askofu wake wa kwanza akiwa William Vincent Lucas. Dar es Salaam ilifuata 1965 chini ya John Sepeku, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania mwaka 1970. Iliyobaki ikaitwa Zanzibar na Tanga, hadi Tanga nayo ikawa dayosisi. Ramadhani alipokuwa Askofu Mkuu, 1984 hadi 1998, aliendelea kuwa askofu wa dayosisi yake, maana katika Kanisa letu hakuna dayosisi ya kudumu ya Askofu Mkuu. Barua zake za miaka hiyo ni za kofia mbili, ya Askofu Mkuu na ya askofu wa dayosisi, na mara nyingi huwekwa jalada lisilo lake.

Orodha ya maaskofu peke yake inaficha mengi. Hadi 1968 ni Waingereza watupu, ilhali John Swedi alipewa ushemasi 1879 na Cecil Majaliwa ukasisi 1890. Ubatizo mwingi wa bara ulifanywa na mapadre na mashemasi Waafrika. Tunapendekeza orodha ya pili, ya makasisi hao, ipewe uzito uleule.

Sasa madaftari. Anayetafuta ubatizo wa Masasi wa mwaka 1910 atafute jina la Dayosisi ya Zanzibar kwenye hati, lakini aanze kuulizia daftari Masasi kwenyewe. Karatasi za makao makuu ya UMCA ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. Nyingine ziko Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.

Adui mkubwa wa madaftari pwani ni unyevu. Kuvu huanza pale unyevu wa hewa iliyofungiwa unapokaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, na kwetu masika huvuka hapo bila shida. Sanduku la bati lililofungwa kabisa na kuwekwa sakafuni ndilo baya kupita yote: mchwa halipiti, lakini jasho la usiku hubaki ndani. Wekeni madaftari kwenye rafu iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachwa nafasi na ukuta, yakiwa yamelala, makubwa chini. Pini na vibanio vya chuma vitolewe, kutu hula karatasi. Msitumie selotepu kuunga ukurasa uliopasuka. Gundi yake hugeuka kahawia na kuivuka karatasi. Na tafadhali, msipeleke kurasa kutiwa plastiki stationari. Wino wa zamani una asidi, joto la mashine huongeza uharibifu, na plastiki ikishaganda haitoki.

Kupiga picha ni kazi ya watu wawili, mmoja wa kufunua na mmoja wa kupiga. Anzeni na jalada, kisha kila ukurasa kwa mfuatano, hata mtupu, ili asiyekuwepo asidhani umerukwa. Mwanga wa dirisha la ubavuni unatosha. Flashi huacha doa jeupe katikati. Faili lipewe jina la parokia, aina ya daftari (ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi), mwaka na ukurasa. Nakala mbili, majengo mawili. Kurasa za watu walio hai zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp: mle mna watoto walioandikwa bila jina la baba, na si haki yetu kulitangaza.

Mkutano unaombwa kupitisha muundo wa orodha zote mbili. Makatibu wa matawi wanaombwa kuorodhesha, kabla ya masika, kila daftari walilonalo: aina, mwaka wa kwanza, mwaka wa mwisho, na lilipo. Fomu ziko kwa katibu, mlangoni.