Kabla ya mashine ya ubongo, ulizeni kuhusu kifafa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wenye vijana wa usonji. Kwenye makundi yetu ya simu hapa Tanga linazunguka tangazo la tiba ya kuchochea ubongo kwa nje kwa mashine ya sumaku, bila kupasua wala kuchoma sindano. Bei yake ni ya kuuza kiwanja, na wapo wanaotaka kukopa vikoba.

Tiba yenyewe si uzushi. Ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, kwa Anthony Barker na wenzake. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa, umeme ukapita humo kwa mapigo, na sumaku yake ikaamsha seli za ubongo. Marekani waliiruhusu mwaka 2008 kwa watu wazima wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka 2024 wakaruhusu mashine mojawapo itumike pia kwa vijana wa miaka 15 hadi 21, pamoja na matibabu mengine. Lakini hiyo ni sonona. Kwa usonji bado wanatafiti, na tangazo halisemi hivyo.

Kinachoninyima usingizi ni kifafa. Mwanangu ana usonji na kifafa, anakunywa dawa asubuhi na jioni. Hayuko peke yake: kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na kwa baadhi huanza wakati wa balehe. Sumaku hii inaweza kumwangusha mtu kifafa. Ni nadra, lakini ndiyo maana wanaoitumia kwa utaratibu huuliza kwanza: amewahi kuanguka? Anatumia dawa gani? Ana chuma kichwani? Nilipompigia mwenye tangazo aliuliza umri wa mtoto na lini nitatuma malipo ya awali. Kifafa nilikitaja mimi. Akanijibu, "Mama, ondoa shaka, haina madhara."

Kuna na kelele. Kila pigo la mashine hulia na kugonga ngozi ya kichwa, hata mgonjwa huzibwa masikio. Kwa sonona, kikao cha kawaida huwa na mapigo kama 3,000, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mwanangu kinyozi akiwasha tu mashine yake, yeye yuko barabarani. Namnyoa mwenyewe kwa mkasi, uani kwetu Ngamiani, upande mmoja leo na mwingine kesho, naye ameshika vipande vya kitambaa vya sare ninazoshona. Nikizidisha, anautoa mkono wangu kichwani. Hasemi, lakini hapo amekataa, nami naacha. Huyo fundi wa mashine ataujua mkono huo?

Simkatazi mzazi yeyote kutafuta nafuu, najua tunavyochoka. Ila anayetaka kujaribu aanze kwa daktari anayemtibu mtoto wake, si kwa namba ya tangazo. Nao Wizara ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba watuambie hadharani: mashine hizi zimesajiliwa? Kwa ugonjwa gani? Nani ana ruhusa ya kuzitumia kwa mtoto? Nakuomba, Mhariri, uwatume waandishi wako na swali hilo na jibu mlichape mapema, maana wapo wenzangu wanaokaribia kulipa.

Mama wa kijana mwenye usonji,
Ngamiani, Tanga