Rada inaona nini chini ya barabara na ndani ya sakafu ya daraja

Wateja wengi hutupigia simu kijiko cha kuchimbia kikiwa kimeshafika saiti na mwenye kijiko anahesabu saa zake. Wanachotaka ni kimoja: tuje, tupitishe mashine ya rada juu ya ardhi, tuwaonyeshe bomba lilipo. Tunakuja. Ila kabla hujalipa, ni haki yako kujua mashine hii inaona nini na inashindwa wapi, maana wapo wanaoinadi kuliko uwezo wake.

Chini ya barabara za Dar es Salaam kumejaa. Kuna mabomba ya maji ya miaka tofauti, kebo za umeme, waya za simu, mikonga ya mawasiliano ya kampuni kadhaa, na sehemu nyingine bomba la gesi, kwani gesi ya Songosongo inafika Ubungo tangu mwaka 2004. Marekani anayetaka kuchimba hupiga 811, kisha wenye mabomba na kebo wanakuja kuchora rangi chini. Hapa kwetu unazungukia ofisi moja moja, na ramani unayopewa mara nyingi ni ya kazi ilivyopangwa, kabla fundi hajakutana na mwamba akapindisha mtaro. Zichukue hizo ramani hata hivyo. Zinatuambia tutafute nini.

Tukifika tunaanza na macho: vifuniko vya chemba, valvu, mita, nguzo zenye kebo inayoshuka ardhini, lami iliyowahi kukatwa ikazibwa. Kisha tunashika kifaa cha kutafuta kebo. Kebo ya umeme yenye mzigo inajitangaza yenyewe kwa hezi 50. Ikiwa hakuna anayetumia umeme wake, inanyamaza, kwa hiyo tusipoisikia hatuandiki kwamba haipo. Bomba la chuma tunalibana klipu kwenye valvu, tunalipa mawimbi yetu, mara nyingi ya kilohezi 33, tunafuata mlio. Kama saiti yako ina chuma na umeme tu, huenda huhitaji rada kabisa, na tutakuambia hivyo. Shida iko kwenye plastiki. Bomba jeusi la maji, au mkonga usio na uzi wa chuma ndani, kifaa hiki kinapita juu yake kimya.

Hapo ndipo rada inaposhushwa kwenye gari. Antena inatuma pigo la mawimbi ardhini, na sehemu ya pigo hilo inarudi kila inapokutana na kitu kisichofanana na udongo unaokizunguka. Kwenye skrini bomba linatokea kama bakuli lililofudikizwa: ukiwa mbali mwangwi wake unachelewa, ukiwa juu yake unawahi, ukishalivuka unachelewa tena. Ndiyo sababu utatuona tunakatiza barabara mstari baada ya mstari badala ya kuifuata kwa urefu. Jiwe linatoa bakuli kwenye mstari mmoja, kwenye mstari unaofuata halipo. Bomba linajirudia kila mstari, na mabakuli hayo ukiyaunganisha unapata njia yake.

Ugomvi mwingi unatokana na kina. Rada haipimi sentimita, inapima muda. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 20 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Ikiwa mawimbi yanakwenda sentimita 10 kwa nanosekunde, kwenda na kurudi ni mita 2, kwa hiyo bomba liko mita 1 chini. Udongo huohuo ukilowa, mwendo ukashuka hadi sentimita 7, mwangwi wa nanosekunde 20 zilezile unamaanisha bomba liko sentimita 70. Sentimita 30 hizo zinatosha meno ya kijiko kulipasua. Ripoti ikikuandikia kina bila kusema mwendo ulipatikanaje, irudishe. Sisi tunachimba shimo dogo kwa mkono pale bomba linapojulikana, tunapima kwa futi, ndipo tunaamini namba za sehemu nyingine.

Na udongo una neno la mwisho. Kwenye mchanga mkavu, antena ya megahezi 400 inaona mita mbili na zaidi. Kwenye mfinyanzi uliolowa, au karibu na bahari ambako maji ya chini yana chumvi, mawimbi yanamezwa kabla ya kufika mita moja. Anayekuahidi mita tano popote pale, muulize kama ameuona udongo wako.

Darajani tunatumia rada ileile kwa antena ndogo, ya jigahezi 1.6 au zaidi. Haifiki mbali, lakini inaonyesha nondo za juu moja moja, pamoja na unene wa zege lililozifunika. Chumvi na maji vikizifikia nondo zinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege linapasuliwa kutoka ndani na tabaka la juu linaachana na la chini. Njia ya zamani ya kulijua hilo ni nyundo, au kuburuta mnyororo juu ya sakafu: zege zima linalia kavu, lililoachana linatoa sauti ya uwazi. Ni njia nzuri na ya bei nafuu. Bali sakafu ikishafunikwa lami, mnyororo hausemi kitu cha kuaminika, rada inapita. Tunatazama nguvu ya mwangwi wa kila nondo. Sehemu zilizofifia, baada ya kurekebisha tofauti za kina, ndizo zenye unyevu na chumvi. Ufa wenyewe, ukiwa mwembamba, rada haiuoni. Inaonyesha mahali pa kutoboa na kuchukua sampuli.

Jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini havitakuambia: kwao chumvi inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwa hiyo sakafu inaliwa kutoka juu. Kwenye madaraja yetu ya pwani chumvi inakuja na upepo na rasharasha, ikianzia kingo na upande wa chini. Mtu akikupa ramani nzuri ya juu tu, bila kupanda jukwaa kutazama chini, amekufanyia nusu ya kazi. Azibue pia matundu ya kutolea maji. Mengi yana mchanga na nyasi, na maji yanalala hapohapo.

Kabla ya kutuita kwa ajili ya daraja, pata kibali cha TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za mijini na vijijini) kulingana na barabara, na panga kufunga njia moja usiku. Sakafu iwe kavu. Mvua ikinyesha jioni, tupigie kabla hatujapakia vifaa, tutapanga siku nyingine na hutalipia safari.