Fidla Usiiache Kabatini

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Dada'ako kanipigia simu jana, kaniambia viza yako ya Muscat imetoka, nguo umeshapanga, na fidla unaiacha kabatini. Tena taarabu yote umeifuta kwenye simu. Hilo la viza limenifurahisha, Alhamdulillahi. Hili la fidla limeninyima usingizi.

Yule kijana mliyependana naye kaondoka, na aende salama. Lakini nyimbo hakuzileta yeye. Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarabu hapa Unguja, ipo tangu 1905, Siti binti Saad kaenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Wangapi wamependana na kuachana na nyimbo zile, na bado zinapigwa? Iweje wewe umwachie zako zote?

Najua kinachokuuma. Wimbo humshika mtu kama kanga inavyoshika moshi wa udi; ukisikia fidla za mwanzo tu, hujawaza kitu, kifua kimeshabana. Na taarabu ndiyo imezidi, maana mashairi yake ni mapenzi na masimango, nanyi mkitumiana beti badala ya kusema wenyewe. Akili haiufuti mshikamano huo. Inachoweza ni kuweka kumbukumbu mpya juu ya ya zamani, na mpya haipatikani kwa kuukimbia wimbo. Ukwepe mwaka mzima, siku ukipigwa harusini utakuchoma vilevile.

Basi wimbo wenu uache kwanza. Anza na bashraf, zile za vyombo vitupu, hazina maneno, hapana ubeti wa kukuchoma. Sikiliza asubuhi ukiwa na kazi mkononi, si usiku umejifunika shuka. Usiku unamsikiliza yeye, si muziki. Fuata chombo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, leo ganuni, kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa, kesho besi. Sikio lililoshughulika na ganuni halina nafasi ya kumfuata mtu. Ukizoea, ingia kwenye nyimbo zenye maneno ambazo hamkuzisikiliza pamoja. Kisha ule wenyewe, ila utafute ulivyopigwa kidumbaki, ile taarabu ya kuchezea: sanduku, ngoma mbili, cherewa, mkwasa, mwendo wa mbio, watu wanakata viuno. Sauti ni ileile, na yeye hayumo. Kifua kikibana uache ufike mwisho. Ukiuzima katikati unajizoesha kwamba dawa ni kuzima, na kesho utauzima mapema zaidi. Mwisho kabisa uupige kwa mkono wako. Sasa utaupigaje, fidla iko kabatini Dar?

Historia ya YouTube futa, hapo sikulaumu, maana ile inakumbuka mlichokuwa mkisikiliza na itakuletea wimbo wenu saa usiyoutaka. Lakini kufuta historia ni kitu kimoja, kuutupa muziki ni kingine. Niliposema choma kila alichokupa, nilisema kwa hasira, na nilikusudia zile kanga na saa. Ungeniuliza. Wewe na haraka zako.

Mkono wako wa kulia, mwanangu, sijauona mfano wake hapa Unguja, na unajua mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mkono huo ukikaa bila kazi unakuwa mzito.

Kwa safari, nyuzi zilegeze kidogo tu. Usizitoe zote kwa pamoja: daraja linaloinua nyuzi litaanguka, na kile kijiti cha ndani kinachobeba uso kinaweza kulala, na huko Muscat utaanza kumtafuta wa kukusimamishia. Upinde ulegeze mpaka nywele zilale. Panda nayo ndani ya ndege, usiitie kwenye mizigo ya chini. Ukifika usiiweke mbele ya kiyoyozi, ubao unakauka na maungio yanaachia. Chukua na utomvu wa kupaka upinde, vipande viwili, kimoja huvunjika.

Huku salama. Mjomba'ako kapanda kutazama mabati ya jikoni, anasema yanataka kubadilishwa mawili kabla ya masika. Pesa uliyotuma itatosha, misumari nitanunua mimi. Achari ya maembe nimetia chupa mbili, ndogo yako, kubwa ya shangazi'ako. Zifunge plastiki juu ya plastiki, mafuta yake hayatoki nguoni. Usichelewe kumpigia shangazi ukishuka, anapenda kuambiwa mapema.

Achari nampa mjomba'ako, anakuja na boti ya Jumamosi. Nimemwambia asirudi kabla hajaiona fidla imelala na mizigo yako.

Mama'ako