Dodoso la Kigogo liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni msomaji wenu kutoka Chamwino aliandika kulalamika kwamba watu wa vyuo wanafika kijijini na makaratasi, wanauliza mpaka idadi ya kuku, wanaaga kwa adabu, kisha hawaonekani tena. Niliisoma barua ile nikiwa nasubiri daladala pale Sabasaba, nikalikunja gazeti haraka kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya wadaiwa. Mimi ni mmoja wa hao. Naomba nafasi nimjibu, ila sitajitetea, kwa sababu kosa langu ni kubwa kuliko hilo alilolitaja yeye.

Ni Mnyiramba wa Singida, naishi Ng'ong'ona, nipo mwaka wa tatu wa uzamivu katika chuo ambacho sitakitaja. Utafiti wangu unahusu uhakika wa chakula katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo hiyo ya Chamwino. Februari mwaka jana nilikusanya takwimu kwenye kaya 268. Kwa nini 268? Kwa sababu daftari la mtendaji wa kijiji lilikuwa na kaya 812, na mimi, kama karibu kila mwanafunzi wa shahada za juu ninayemfahamu, niliichukua kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, ile ya kukokotoa ni wangapi wa kuhoji, nikaweka 812 juu, nikagawanya kwa moja jumlisha 812 mara 0.0025, likatoka jibu. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Kanuni ile tunairithishana ukumbini kama kitenge cha bibi.

Dodoso lenyewe lilikuwa na maswali tisa ya kupima ukosefu wa chakula katika kaya, yale yanayotumika duniani kote, yanayouliza kuhusu wiki nne zilizopita: uliwahi kuwa na hofu ya chakula kutotosha, mlikula aina chache za chakula, kuna aliyelala na njaa, na kuendelea. Yameandikwa kwa Kiingereza. Kamati ya idara ilinikalisha mchana mzima juu ya Kiingereza hicho. Walibishana kuhusu koma. Profesa mmoja alinirudisha mara mbili kwa sababu ya neno moja kwenye sura ya tatu. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa Kiambatisho Namba 4, baada ya bajeti na ramani ya wilaya, na sikumbuki kumwona mtu akifunua kurasa hadi huko. Niliitafsiri mwenyewe kwa usiku mbili, kamusi mkono huu, chai ya tangawizi mkono ule.

Baada ya hapo ni safari ya barua, ambayo wengi mnaijua: chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kila ofisi iligonga muhuri. Mihuri yote ile ilihakikisha kwamba mimi ni mwanafunzi halali. Hakuna uliohakikisha kwamba nitaeleweka.

Kijijini niliajiri wasaidizi wawili, kijana na binti waliomaliza kidato cha nne, wote wazawa. Wazee wengi pale wanasikia Kiswahili, ila jambo la moyoni wanalisema kwa Kigogo. Nami Kigogo changu kinaishia kwenye salamu ya "mbukwenyi". Basi wasaidizi walisoma swali la Kiswahili kimoyomoyo, wakaliuliza kwa Kigogo, wakapokea jibu kwa Kigogo, wakaweka alama kwenye Kiswahili. Nikaona kazi inakwenda vizuri mno.

Julai nikapata bahati ya kudhaminiwa kuhudhuria warsha ya kimataifa ya mbinu za utafiti jijini Nairobi, siku kumi. Nilipanda basi Nane Nane alfajiri, Kondoa, Babati, Arusha, nikavuka Namanga siku ya pili nikiwa na kadi ya homa ya manjano niliyoishika kama hirizi. Tulikuwa wanafunzi wa uzamivu kutoka Nepal, Nigeria, Bolivia, Ethiopia, Ujerumani na kwingineko. Wakenya wawili walinicheka kwa upendo kwa sababu nilisema "dodoso". Kwao ni "hojaji". Nikawaambia hata kwetu hojaji ipo, ila dodoso linadodosa. Tulikunywa chai nyingi. Takwimu za hali ya juu zilizofundishwa siku nne za kwanza nilizielewa nusu, na nusu hiyo nayo imeanza kunitoka.

Siku ya tano ndiyo iliyoniondolea usingizi. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo kutoka Peru, aliyefanya kazi miaka mingi kwa watu wanaozungumza Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko, huku chuo chake kikitumia Kihispania na majarida yakitaka Kiingereza. Kila mmoja alitakiwa kubandika dodoso lake ukutani. Nikabandika la Kiingereza, na pembeni la Kiswahili, nikiwa na majivuno kidogo kwa sababu wenzangu kadhaa walikuwa na la Kiingereza tu. Akasoma, akaniuliza watu wangu walijibu kwa lugha gani. Nikasema wengi kwa Kigogo. Akauliza: "Na dodoso la Kigogo liko wapi?"

Sikuwa nalo. Halikuwahi kuwapo. Dodoso ambalo kwa kweli lilizungumza na wale watu lilikuwa kwenye vichwa vya vijana wawili, kila mmoja na lake, na pengine lilibadilika asubuhi na jioni. Mimi, msimamizi wangu, kamati, ofisi zote zenye mihuri, hatukuwahi kuliona.

Alinitaka niwapigie simu wasaidizi wangu palepale, kila mmoja kwa wakati wake, waseme swali la kwanza kwa Kigogo kisha waniambie kwa Kiswahili wamesema nini. Swali langu lilikuwa: "Katika wiki nne zilizopita, ulikuwa na wasiwasi kwamba kaya yako haitakuwa na chakula cha kutosha?" Kijana alikuwa akiuliza kama watu wanahofia njaa. Binti alikuwa akiuliza kama wana mashaka. Mashaka na nani, hata yeye hakuwa na uhakika.

Hapo nikamkumbuka bibi mmoja wa kitongoji cha mwisho, karibu na korongo. Februari ile nilikuwepo alipohojiwa, na kwa kunihurumia alijibu kwa Kiswahili: "Wasiwasi? Sina wasiwasi na mtu, mjukuu wangu. Namtegemea Mungu." Binti akaweka alama kwenye "Hapana". Kihenge cha bibi yule kilikuwa kitupu. Nilikiona kwa macho yangu, hata panya walishahama. Kwenye kompyuta yangu alikuwa mtu mwenye uhakika wa chakula.

Nikaanza kulipekua dodoso upya pale Nairobi, na kila nilipogusa palibomoka. Neno "kaya", kwa mfano. Kwa watu wa sensa, kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mgogo anaposema kaya anamaanisha boma zima: mzee, wake zake, kila mke na nyumba yake, pengine na mwana aliyeoa. Mzee anaulizwa kama kuna aliyelala na njaa katika kaya yake, anajibu kwa niaba ya majiko matatu, na jiko la mke mdogo huenda halikuwashwa tangu juzi. Tena zile kaya 812 nilizozitumbukiza kwenye kanuni ya Yamane zilihesabiwaje? Nilimuuliza mtendaji baadaye. Akasema inategemea daftari liliandikwa kwa ajili ya nini.

Hizo "wiki nne" nazo watu walizihesabu kuanzia mnada uliopita, na mnada wenyewe ulikuwa umeahirishwa. Swali la kula aina chache za chakula sitaki hata kulizungumzia: Mdodoma anayekula ugali wa uwele kwa mlenda siku saba mfululizo si lazima awe na dhiki. Wengine tunalipa kuupata mlenda huo mjini.

Wapo watakaosema dawa inajulikana: tafsiri dodoso, mpe mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza, linganisha. Njia hiyo ilipata umaarufu kwa kazi ya Mmarekani Richard Brislin ya mwaka 1970, na hata mimi niliitaja kwenye sura ya tatu. Lakini jaribuni neno langu. Mpe mhadhiri yeyote "wasiwasi", atakurudishia neno lile lile la Kiingereza nililoanzia, bila kosa. Wasomi wawili ofisini wataelewana daima. Bibi hayupo ofisini.

Hata kompyuta ilinidanganya, au niseme nilijidanganya nayo. Kipimo cha Cronbach, kinachoonyesha kama maswali ya dodoso yanaendana, kilinipa 0.81, na wengi tumefundishwa kwamba ukivuka 0.7 unaweza kupumua. Mama wa Peru aliiangalia akasema namba hiyo inaonyesha majibu yanakwenda pamoja, haisemi yanakwenda wapi.

Agosti nilirudi kijijini. Safari hii sikuuliza maswali yangu. Niliuliza kuhusu maswali yangu. Unamsomea mtu swali, unamwomba akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Ni kazi ya aibu sana. Tulikaa chini ya mbuyu na watu kumi na wawili kwa siku tatu, tukaliandika dodoso kwa Kigogo, neno kwa neno, wakibishana kuliko kamati yangu. Swali la kwanza liligeuka kuwa kama hivi: kuna usiku ulilala ukiwaza kesho watoto watakula nini? Bibi wa korongoni alilisikiliza, akacheka. "Sasa hivi nimevuna, nina magunia. Hilo uniulize Februari."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nimechelewa mwaka mzima. Huwezi kurekebisha majibu ya wakati wa njaa kwa kuuliza wakati wa mavuno. Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, na miezi migumu ni ile ile kila mwaka. Nililazimika kusubiri Februari ya mwaka huu nirudie kaya zote, kwa pesa ambayo haikuwa kwenye bajeti, huku msimamizi wangu akinikumbusha kwa upole kwamba wenzangu wanakaribia joho. Sikumlaumu. Naye alipitishwa njia hii hii. Nilipomuuliza bibi tena, Februari, hakusubiri nimalize. "Usiku? Taja usiku ambao sikuwaza."

Sasa, Mhariri, ninaloliomba si kubwa. Vyuo vyetu viache kuliweka dodoso la Kiswahili nyuma ya ramani. Kamati inayobishana koma za Kiingereza mchana mzima itenge saa mbili kwa lugha itakayotumika kweli, na pale ambapo ni Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, mwanafunzi alete karatasi iliyoandikwa, pamoja na mtu mmoja wa huko asiye msomi akae kwenye kiti amsikie. Nauli ya mtu huyo kutoka Chamwino hadi hapa mjini haifiki gharama ya vitafunio vya kikao. Kila Julai 7 tunavaa sare kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tunasikiliza ngonjera, tunapiga picha. Kesho yake tunarudi kupitisha tasnifu ambazo Kiswahili chake hakuna aliyekisoma.

Nalisema hili nikiwa Dodoma, makao makuu ya nchi, mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625. Tafiti za hapa zinasomwa wizarani, umbali wa daladala moja. Mtu akiamua nani apewe mahindi ya msaada kwa kutazama jedwali kama lile langu la kwanza, bibi hapati.

Kwa ndugu aliyeandika kutoka Chamwino: tumekubaliana na serikali ya kijiji kwamba mkutano wa kuwarudishia wananchi matokeo utafanyika baada ya uwele kuvunwa, na utaendeshwa kwa Kigogo; yule binti ndiye atakayesoma, mimi nitashika karatasi. Mwenyekiti ametoa sharti moja tu, isiwe siku ya mnada.

Mwanafunzi wa uzamivu,
Ng'ong'ona, Dodoma.