Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Mabinti Zetu na Sheria ya Michezo ya Idaho

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Mambo ya kawaida ya chama nayapitia haraka. Zamu za kupeleka watoto mazoezini zimeendelea bila kukatika, ada zinaingia, na mhazini atawasomea hesabu. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo ambalo akina mama wengi wamekuwa wakinipigia simu kuliuliza: sheria ya michezo ya shule hapa Idaho.

Gavana Brad Little aliisaini Machi 2020, na Idaho ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwazuia wasichana waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wavulana, kucheza katika timu za wasichana. Leo majimbo zaidi ya 25 yana sheria za namna hiyo. Lindsay Hecox, mwanafunzi aliyebadili jinsia wa chuo kikuu cha hapa Boise, alikwenda mahakamani, na Jaji David Nye akaisimamisha Agosti mwaka huohuo. Tarehe 3 Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kusikiliza shauri hilo pamoja na jingine la West Virginia. Mawakili walipangiwa kujibizana mbele ya majaji tarehe 13 Januari 2026.

Najua hatuna kauli moja. Wapo kati yetu wanaosema aliyebalehe akiwa mvulana ana nguvu ambazo binti hazifikii, na nafasi za mabinti lazima zilindwe. Wapo wanaosema watoto hao ni wachache mno, nao wana haki ya kucheza na wenzao. Kamati haikumlazimisha mtu. Ila wote nawasihi mkisome kifungu cha uthibitisho.

Kinasema hivi: jinsia ya mchezaji ikibishaniwa, shule itamtaka alete hati ya daktari inayotegemea viungo vyake vya uzazi, kiwango cha homoni ya testosteroni, au vinasaba. Hakisemi ni nani mwenye haki ya kuanzisha ubishi huo. Ndiyo maana mwenzake Hecox katika kesi ile alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa miaka 17, msichana tangu kuzaliwa. Alikuwa na mwili wa mwanamichezo, sketi hakuzizoea, akaogopa kwamba siku moja atanyooshewa kidole.

Sasa watazameni mabinti zetu. Wengine wametoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na nywele zimenyolewa fupi, kama walivyozoea shuleni kambini. Warefu, wana mbio, sauti zao nzito. Mwaka 2022 hapo jirani Utah, wazazi wa waliomaliza wa pili na wa tatu walimlalamikia mshindi, na wasimamizi wa michezo wakapekua rekodi zake za shule mpaka za chekechea, familia yenyewe haina habari. Alikuwa msichana miaka yote. Mtoto wa hapa walau ana rekodi za chekechea. Wa kwetu ana nini? Mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja kuandikisha watoto. Mkononi alikuwa na karatasi za uhamiaji tu, na watoto wote watatu wameandikwa wamezaliwa 1 Januari. Karani alizigeuza mara mbili, akamwangalia mama, akazigeuza tena. Hapo ilikuwa tarehe tu. Ingekuwa jinsia, yule mama angeanzia wapi?

Ndugu wa Burundi wananikumbusha mkimbiaji Francine Niyonsaba, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 800 pale Rio 2016, kisha kanuni za homoni zikamwondoa katika mbio hizo. Kesi yake ni tofauti na hizi, lakini aibu ya kujadiliwa mwili wako mbele ya dunia ni ileile.

Kwa hiyo, mzazi asisaini karatasi yoyote ya uchunguzi wa mwili wa binti yake, zaidi ya ile fomu ya kawaida ya afya ya michezo, kabla ya kumpigia simu mmoja wa kamati. Twende naye shuleni, tuwe na mkalimani. Na sisi wenyewe, tukiwa uwanjani, tusithubutu kunong'ona kuhusu mtoto wa mwenzetu, awe wa kabila gani, awe amebadili jinsia au hakubadili. Binti wa miaka 14 anasikia.

Naomba mkutano huu upige kura leo: chama kiiandikie wilaya ya shule kuuliza kama malalamiko ya mtu yeyote yanatosha kumsimamisha mtoto kucheza, na nani atakayeona majibu ya daktari. Rasimu ya barua iko kwa katibu, kwa Kiswahili na Kiingereza.