Utafiti wa misitu urudi kijijini

Mhariri,

Watafiti wanaokuja Tabora kuuliza mila zetu na misitu ya miombo nawaunga mkono kabisa. Ila wakishajaza madaftari, matokeo yaletwe kwa Kiswahili na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Warina asali wa Sikonge na Urambo wana elimu nzito. Mzee akitazama vichipukizi vya mti wa mtundu anajua kama msimu utakuwa na asali au la. Elimu hiyo haijaandikwa, na vijana wengi wako kwenye tumbaku, ambayo mabani yake ya kukaushia majani yanakula kuni bila kipimo.

Si kila desturi ibaki kama ilivyo. Mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa. Hapo utafiti utusaidie kupata mizinga ambayo mfugaji wa kawaida anaimudu.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Naomba halmashauri zetu zitumie matokeo hayo kupima mipaka na kuandika sheria ndogo, warina asali wakiwemo kwenye kamati, maana wao ndio wanaolala porini.

Mfugaji nyuki, Tabora