Shukrani kwa mzee wa miche, Wete

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako silitaji, najua hupendi kutajwa. Wanangu walikuwa wakiniuliza habari za mpanzi katika Mathayo 13: kwa nini mbegu nyingine ziliota zikanyauka? Nami nina maneno tu. Wewe, jirani yetu Mwislamu, ukatuletea mbegu mbichi za mikarafuu ukawaonyesha watoto: zipandwe upesi kabla hazijakauka, ziwekwe kivulini, zimwagiwe maji taratibu. Chache ukaziacha juani makusudi, wazione zinavyokufa. Somo likawaingia kuliko mahubiri yangu yote!

Siku hizi sala ya asubuhi tunaisalia kwenye kitalu. Mdogo humshukuru Mungu kwa kila mche, na magugu pia (nimemwacha). Mkubwa alinuna kusikia mkarafuu huchukua miaka 5 au zaidi kuzaa. Ukamwambia nawe umepanda mingine usiyotarajia kuichuma. Akanyamaza, kesho yake akaamka mwenyewe kumwagilia.

Hela ulikataa, ukapokea muhogo tu. Ahsante sana, mzee. Iddi tutakuja kukuamkia. Na ile miche ya mdalasini uliyoahidi, wajukuu zako wanaidai.